Mkwe Mkubwa na Mazoezi ya Kushuka Bandarini

Ijumaa, 2 Mei

Chakula cha mchana kwa mama mkwe wangu, Bi Rahila, baada ya sala. Pilau ya kuku na achari ya ndimu. Nyumba yake ni mtaa wa pili tu kutoka kwetu hapa Mabela, Maskati, kwa hiyo hakuna Ijumaa ya kukwepa. Tulipomaliza kunawa mikono akatangaza. Julai atapanda meli ya matembezi, ile inayozunguka Mediterania: Italia, Ugiriki, Uturuki, kila siku mji mwingine. Ameshaamua, hataki ushauri. Vyumba viwili, vya watu wawili wawili. Atawachukua mabinti zake wote wawili, Hamdiya wangu na mdogo wake Khulood, na mkwe mmoja. Huyo atalala na mkewe, na binti mwingine atalala na mama yake. Mkwe wa pili abaki na watoto.

Mkwe mmoja! Na wakwe tuko wawili. Mimi ni mkubwa, mtumishi wa wizara, mtu wa mipango. Mwingine ni Ghaith, mwanyumba wangu, mume wa Khulood, ambaye anafunga viyoyozi vya maofisini na hazungumzi mpaka aulizwe. Bi Rahila amesema jina atalitaja Ijumaa ya tarehe 16.

Garini Hamdiya akaniambia siri. Mama yake ameshaelekea kwangu, kwa sababu mkwe mkubwa harukwi. Akaniomba kitu kimoja tu: ninyamaze. Nisipange, nisishauri, nisimtumie mama ujumbe. Tangu tuoane, alisema, safari zetu za pamoja ni umra na misiba. Ameona kwenye simu picha ya kibaraza cha meli chenye viti viwili vinavyotazama bahari. Hilo alilisema taratibu, macho nje ya dirisha. Nikamwahidi.

Jumapili, 4 Mei

Nimefikiri sana. Kunyamaza ni kazi ya asiye na kipaji. Ghaith ananyamaza kwa sababu ndicho alichonacho, na kimya kingi kina mshindo mkubwa. Bila shaka anapika jambo.

Nimetoka ofisini mapema kidogo kwenda kwa Pauline. Ni Mkenya, anauza safari kwenye duka la tiketi chini ya jengo la jirani na ofisi yetu, mtaa wa Al Khuwair. Ndiye aliyemwekea Bi Rahila vyumba. Nikamwambia nataka elimu yote ya kushuka bandarini. Akaniuliza ni mimi ninayesafiri? Nikamwambia inshallah.

Anajua kazi yake. Alisema bandari nyingine ziko mbali na mji wenyewe, kwa hiyo uliza kwanza usije ukajikuta unatembea kwenye makontena. Shuka asubuhi, kabla jua la kiangazi halijashika. Viatu viwe vya zamani, vilivyoujua mguu. Maji mkononi. Kadi ya meli isisahaulike chumbani, bila hiyo hurudi ndani. Saa yako ifuate saa ya meli, si ya mji. Na kila bandari mchague kitu kimoja tu cha kuona, kwa sababu anayetaka vyote huishia kuviona kupitia dirisha la teksi.

Halafu akasema neno kubwa. Mkitoka na ziara iliyopangwa na meli yenyewe, hata mkichelewa meli inangoja. Mkitoka kivyenu mkachelewa, inaondoka. Haimjali mtu, mzee wala mgonjwa. Kwa hiyo, alisema, huyo mama mwenye magoti mabaya tumchukulie ziara za meli, akae kwenye basi lao na roho itulie. "Mzee, hii si vita. Mama akipata aiskrimu na mahali pa kukaa, hiyo siku imeenda poa."

Sikupenda lile neno mzee. Na ushauri wa aiskrimu nimeuacha palepale. Lakini hilo la meli kuondoka limeniingia. Familia hii haijawahi kutoka mahali kwa wakati. Kuaga tu kwa Bi Rahila ni safari nzima: sebuleni, ukumbini, mlangoni, dirishani mwa gari. Wataachwa Italia. Anahitajika mtu wa nidhamu, na Bi Rahila anapaswa kumwona mtu huyo kwa macho yake.

Jumanne, 6 Mei

Nimetuma mafunzo kwenye kundi la familia la Watsap. Kwa sauti, ili Bi Rahila asisumbuke na miwani. La kwanza viatu, la pili maji, la tatu kadi, kisha mengine. Hamdiya alikuwa jikoni, nikasikia simu yake inalia kila nikimaliza. Baada ya muda akaizima.

Bi Rahila amejibu kwa sauti pia. "Mahfoudh mwanangu, nimekusikiliza mpaka usingizi ukanichukua. Nna wiki sijalala hivi. Mungu akubariki." Ishara njema.

Jioni Ghaith akaja kuangalia kiyoyozi chetu, kinachodondosha maji. Hakuchukua hata chai kabla ya kumaliza. Alipokuwa juu ya ngazi akasema, bila kuulizwa, kwamba anaomba niende mimi. Bahari haimpendi, hata kwenye boti ya kivuko hugeuka rangi. Na Julai ndio msimu wake, kila kiyoyozi cha Maskati kinakufa mwezi huo. Akaniita kwa jina la mtoto wangu mkubwa: "Baba Rahaf, nenda wewe. Mimi nitabaki na watoto, wala hainiumi."

Nikacheka kwa adabu. Mtu anayekupa njia bure amechimba shimo mbele. Anataka nilegee, kisha Ijumaa ile aibuke. Mjanja sana kwa mtu wa viyoyozi.

Nimeamua. Tutafanya mazoezi.

Alhamisi, 8 Mei

Kila kitu tayari. Bandari ni Qantab: kijiji, ghuba ndogo, kilima nyuma, wavuvi, ufukwe. Kigeni kiasi cha kutosha, kwa sababu hakuna hata mmoja wetu mwenye jamaa kule. Meli ni basi dogo la kukodi. Nahodha ni dereva wake, Omondi, kijana wa Kisumu, mpole, ana kofia yake mwenyewe. Kadi za meli nimekata kwenye boksi la tende na kuzitia uzi wa kuvaa shingoni.

Nimempa Omondi amri moja. Basi linaondoka adhana ya adhuhuri ikianza. Atakayekuwa hayumo ameachwa. Akauliza kama mtu ameenda tu msalani. Nikamwambia Mediterania hakuna msalani. Akanitazama kidogo, akasema sawa boss.

Hamdiya ameniomba tena. Safari hii hakuwa garini, aliketi kitandani karibu yangu na kushika mkono wangu. Amesema mama yake jana alimwuliza kama nina suti ya kuvaa chakula cha jioni cha nahodha. Maana yake jambo limekwisha. Bado siku chache tu za kunyamaza. Nikamwambia jambo likikaribia kuiva ndipo linapohitaji moto. Akauachia mkono wangu na kwenda kukunja nguo.

Jumamosi, 10 Mei

Naandika nikiwa kizingitini mwa nyumba yangu, nje. Nitaeleza.

Tuliondoka asubuhi, wote: mimi na Hamdiya, Khulood na Ghaith, na Bi Rahila kiti cha mbele. Watoto walibaki kwa jirani. Kadi shingoni, isipokuwa Bi Rahila, aliyeitia kwenye mkoba kwa sababu ilikuwa inanukia tende na nzi walikuwa wanamfuata. Kulikuwa na joto la kukausha mate. Nikawaambia ndilo joto la Julai kule, bora tulizoee. Omondi aliongeza kiyoyozi. Nikamwambia apunguze.

Tukashuka Qantab. Nikawaonyesha meli ilipoegeshwa, nikawapa saa ya meli, nikawapa kitu kimoja cha kuona, yaani ufukwe. Hapo sikumpuuza Pauline. Hatukufika ufukweni. Mbele ya nyumba ya kwanza yupo mama mmoja amesimama mlangoni anamwaga maji. Bi Rahila akatoa salamu, kama inavyopaswa. Kisha akageuka kumwambia Hamdiya kwa Kiswahili kwamba mlango ule ni mzuri. Yule mama akajibu kwa Kiswahili. Kumbe amezaliwa Wete. Kumbe shangazi yake aliolewa na ami yake Bi Rahila. Wakashikana mikono pale juani na kuanza kuwauliza walio hai na kuwarehemu waliokufa.

Nikaona hatari mapema. Nikasema kwa sauti ya upole kwamba tuna ratiba. Wanawake walikuwa wameshaingia.

Mimi na Ghaith tukapelekwa majlisi, sebule ya wanaume, kwa mwenye nyumba, mzee wa ndevu nyeupe aliyetaka habari zetu tangu babu. Ikaja kahawa, tende, halwa. Nikanywa kikombe kimoja na kukitikisa, kuonyesha kwamba nimetosheka. Mzee akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akamimina tena. Ghaith alikuwa ameegemea mto na anaulizwa kuhusu kiyoyozi cha chumba cha ndani. Akavua kanzu yake ya juu na kwenda kukiangalia. Nilijua ana njama.

Nikaomba wanawake waitwe. Mzee akasema hapana, samaki yumo motoni. Nikasema hatuwezi, Mungu akuzidishie. Hapo akaapa. Wallahi hatutoki mpaka tumekula chakula chake. Sasa, mtu mzima akishaapa juu ya chakula, kila mtu anajua la kufanya. Unakaa. Ukiondoka umemwachia kiapo chake mikononi. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini kule Italia viapo havisimamishi meli, na haya yalikuwa mazoezi ya Italia.

Nikasimama nikasema meli yetu inaondoka. Mzee akauliza meli gani, na kwa nini hajaiona. Nikamwonyesha dirishani lile basi. Akalitazama kwa muda mrefu. Akauliza kama nimepatwa na jua.

Adhana ikaanza. Nikatoka. Nikapaza sauti kwenye mlango wa ndani, mara moja, kama king'ora cha meli. Nikasikia Bi Rahila anacheka na mtu. Hakuna aliyetoka. Nikapanda basi nikamwambia Omondi twende.

Omondi hakuwasha. "Boss, na mathe? Tutamwacha aje?" Nikamwambia amri ni amri. Akasema yeye ana mama pia, na angekuwa mama yake angengoja mpaka kesho. Nikamkumbusha nani kakodi basi. Akawasha. Redio akaizima.

Nilikusudia tufike kileleni tu, kisha turudi, wakiwa wameshashika adabu. Lakini kileleni nikafikiri: meli hairudi. Mazoezi nusu si mazoezi. Nikamwambia aendelee hadi Mabela.

Nimefika. Funguo za nyumba anazo Hamdiya. Sijala. Simu yake haipokelewi. Jirani ameniletea maji, nikamwambia nimekaa tu kupunga upepo. Hakuna upepo.

Baadaye. Wamerudi kwenye gari la mzee wa Qantab, Ghaith ndiye aliyeendesha. Bi Rahila alikuwa na kifurushi cha samaki mapajani na alikuwa akiimba. Aliponiona akanyamaza. Hamdiya akafungua mlango, akapita, akanipakulia wali. Nikala.

Jumapili, 11 Mei

Mzee wa Qantab amepata namba yangu. Amepiga nikiwa kazini. Hakulalamika hata kidogo. Alitaka kujua kama meli imefika salama.

Nikamwomba radhi. Akasema hakuna la kuomba radhi, sahani yangu bado imefunikwa. Nilijisikia vibaya hadi alasiri.

Ndugu wote wameshajua. Ami yangu wa Nizwa kapiga. Binamu wa Dubai kapiga. Wote wameanza na swali moja: ni kweli nimemwacha mama mkwe nyumba ya watu na chakula kimeapiwa? Nikieleza habari ya mazoezi wanauliza hali ya afya yangu.

Hamdiya anazungumza nami vizuri. Hilo ndilo linalonitia hofu.

Ijumaa, 16 Mei

Chakula kwa Bi Rahila. Nilivaa kanzu mpya. Nilikuwa bado na matumaini, kwa sababu mtu mwenye haki atasema: walichelewa wao, siyo mimi.

Bi Rahila akamtaja Ghaith.

Hakugomba. Alisema yale ya Qantab ameshayasamehe, tena amepata jamaa aliyempotea tangu utoto, na wiki ijayo anarudi kule kulala. Kisha akanigeukia. "Lakini mimi nna magoti, mwanangu. Huko nnakokwenda nnataka mtu atakayekaa na mimi kwenye benchi. Wewe utanipigia king'ora."

Ghaith alikuwa ameinamia sahani. Aliomba kusema neno, akataja msimu wa viyoyozi, akataja tumbo lake na boti. Bi Rahila akamwambia zipo dawa. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyehukumiwa. Anaigiza vizuri, lazima nikiri.

Hamdiya alikuwa anamimina chai. Aliijaza kila glasi sawasawa. Njiani kurudi nilitaka aseme kwamba alinionya, ili nipate cha kujibu. Hakusema. Nikaona aibu, na nikaendesha taratibu kuliko kawaida.

Jumapili, 18 Mei

Asubuhi Hamdiya amempigia mama yake. Hakwenda chumbani, alipiga jikoni mbele yangu. Amemwambia hatokwenda. Waende wao watatu, Mungu awape salama. Nilimsikia Bi Rahila akiuliza kama anaumwa. Haumwi. Amekasirika? Hajakasirika. Ila hana raha ya kuzunguka miji ya watu, mumewe yuko Mabela peke yake anapasha wali.

Akaweka simu akaendelea na vitunguu. Nikamwambia asifanye hivyo, nafasi kama hii haiji kila mwaka. Akasema yeye hakuwa akiitaka meli. Alikuwa akinitaka mimi, siku chache, mahali pasipo kazi, ndugu wala simu. Kama haiwezekani huko, basi tutabaki wote hapa. Leo baada ya magharibi twende tukatembee ufukweni, sisi wawili tu, na kila jioni tukiweza.

Nikachukua kisu, nikamsaidia kumenya vitunguu. Nampenda mke wangu. Naliandika hapa kwa sababu kulisema sijui nianzie wapi.

Nikaenda kazini na maneno yake kichwani. Mchana kutwa nimeyageuza na kuyageuza. Ni katikati ya kikao, mkurugenzi akizungumzia maegesho, ndipo nilipouona uzito wake kamili. Hamdiya haendi. Kwa hiyo kitanda chake, kile cha chumba cha Bi Rahila, hakina mtu!

Ni rahisi kupita kiasi. Khulood ahamie kwa mama yake. Chumba cha pili kinabaki cha wanaume, mimi na Ghaith. Kikao kilipokwisha nikashuka kwa Pauline. Amesema jina linaweza kubadilishwa, ila akauliza mke wangu amesemaje. Nikamwambia wazo limetoka kwake. Nimempelekea picha ya pasipoti. Ghaith nimempigia kumwuliza kama anakoroma. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue amefurahi kusikia sauti yangu, akaniambia nichukue na kitanda chake pia.

Bi Rahila nitamwendea Ijumaa, nimeshapanga namna. Tatizo lake ni benchi. Basi nitamwonyesha kwamba naweza kukaa. Nitakodi tena lile basi, twende bustani yenye mabenchi mengi, tukae kwenye kila moja kwa zamu.

Hamdiya ameshavaa buibui, ananisubiri mlangoni twende ufukweni. Ameita mara moja, kwa upole. Habari ya kitanda sijamwambia. Nataka afurahi ghafla.